Mauti, Kaa Foleni

Wanasema maiti hana kauli. Uongo mtupu. Huyu wetu alisema kila Jumamosi, ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la dawa ya mende, kwa miezi kumi na tisa mfululizo. Alisema kwa mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho, bila kukosea hata kimoja. Wasomaji wakampenda kuliko walivyompenda alipokuwa anavuta pumzi. Na aliyekuwa anamsemesha, mchana kweupe, mezani, kwa wino wa buluu na mwandiko mzuri kama wa cheti, alikuwa mumewe.

Mume huyo alikuwa karani. Miaka thelathini na mbili alikaa masjala akiandika majina ya watu juu ya majalada, na alipostaafu yeye, jina halikustaafu. Mtaani Karani, sokoni Karani, chumbani kwake Karani. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, naye mumewe alimwita Fundi. Ukiwasikia, Karani hivi, Fundi vile, ungedhani ni watu wa idara mbili wanaogombea faili. Hawakuwa watu wa mpenzi-mpenzi. Lakini Karani alimpenda yule mwanamke, tuseme hivyo hivyo tusizunguke, alimpenda tangu siku aliyopeleka suruali ikapunguzwe akaambiwa, "Suruali haina kosa, mwenyewe ndiye umepunguka."

Fundi alikuwa mshairi. Hakusoma sana, lakini maneno yalimtii kama kitambaa. Gazetini alijiita Sindano Butu, na jina hilo lilikuwa siri ya watu watatu tu: yeye, mumewe na binti yao. Siri ilikuwa ya lazima, maana nusu ya mashairi yake ilikuwa kuwasema wateja.

Waniambia nibane kiuno kama cha nyuki,
Futi yangu uione, yazunguka, haifiki.

Mama mmoja wa mtaa wa pili alilisoma hilo mbele yake, akacheka mpaka machozi, asijue ni kiuno chake.

Gazetini alikuwa na hasimu, mmoja aliyejiita Nyundo. Miaka kumi na moja walirushiana maneno bila kuonana uso kwa uso. Nyundo akiandika:

Sindano shona viraka, tungo achia wajuzi.

Wiki iliyofuata anapata lake:

Nyundo ukishapondeka, njoo nikutie uzi.

Siku ile Fundi alicheka mpaka akashona mfuko wa kaptula ukafungika juu, asitambue mpaka mwenye kaptula alipoirudisha.

Sasa, namna yao ya kufanya kazi ndiyo iliyozaa balaa lote, kwa hiyo niieleze vizuri. Fundi alitunga akiwa anashona. Mguu kwenye pedeli, futi shingoni, chaki sikioni, midomo inachezacheza. Mguu ukisimama ghafla, ujue beti limekamilika. "Karani, andika!" Na Karani aliacha chochote, hata kama ana sabuni usoni, akaja na kalamu. Maana mwandiko wa Fundi mwenyewe ulikuwa kuku kaparua. Alipojaribu mara moja kupeleka shairi kwa mkono wake, mhariri alilirudisha akiuliza ni la lugha gani. Basi Karani aliandika nakala mbili, moja ya gazeti na moja ya kuweka. Zile za kuweka zilikaa kwenye boksi la karatasi lililokuja na vitambaa.

Karani alijivunia jambo moja katika maisha yake. "Karani haandiki la kwake," alipenda kusema. "Huandika aliloambiwa." Hakuongeza neno la mkewe, hakupunguza, hata pale alipoona aibu. Mara moja tu alitaka kuandika tarehe na namba pembeni, kama alivyozoea kazini, na Fundi akamkaripia. "Tarehe ya nini? Hii ni barua ya kuomba likizo?" Kwa hiyo boksi lote lilikuwa mwandiko mmoja, wino mmoja, karatasi za aina moja, bila tarehe. Mtu wa masjala, jamani, miaka thelathini na mbili!

Kisha Fundi akaugua tumbo. Walimpasua, wakaona walichokiona, wakamfunga, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Jambo la kwanza alilosema alipofika kitandani kwake ni kumwonyesha Karani kidonda. "Hebu angalia walivyonishona. Mshono wa mkono, tena haujanyooka. Ningekuwa mwanafunzi wao ningewafukuza." Karani alitoka nje akajifanya anaanika taulo.

Wiki ile ile mguu ulianza kuchezacheza chini ya shuka, ukasimama. "Karani, andika."

Umekuja bila hodi, wapita kama mwenyeji,
Hapa zamu ni ahadi, wa kwanza ni mhitaji,
Hata uje na shahidi, na muhuri wa mwitaji,
Mauti kaa foleni, nina sare za watoto.

Gazeti lilipotoka, watu walilikata na kulibandika ukutani. Kinyozi alilibandika juu ya kioo chake. Wagonjwa wa kliniki waliitana kwa hilo, "kaa foleni, kaa foleni," na muuguzi wa zamu naye akalishika. Fundi akatunga la pili, akamwambia Mauti nguo yake haina kipimo, na la tatu, akamwambia mdomo unamnuka. Nyumba ikawa na mgonjwa na kicheko pamoja, na Karani, mtu mzima na mvi zake, akaanza kuamini. Aliamini kweli kwamba maadam mkewe hajakosa jibu, hawezi kuchukuliwa. Alijiambia: nani amewahi kumshinda huyu kwa maneno? Jumamosi ya nne likatoka la nne. Jumatatu Fundi akakata kauli, na Jumatano alfajiri akafariki.

Sikio la kufa halisikii dawa, na mauti yenyewe hayasikii shairi.

Walimzika. Binti, ambaye ni mwalimu katika mji mwingine, alikaa wiki mbili akarudi kwa mumewe na mtoto. Na ikaja Jumamosi ambayo Karani alifungua ukurasa wa kumi na nne akakuta mahali pa Sindano Butu pamewekwa shairi la mtu wa mvua na kilimo. Alisimama na gazeti mkononi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli lisilo lake. Akasema kwa sauti, peke yake mle chumbani: "Hapana. Sikubali." Akaketi, akachukua kalamu.

Hakuwa mwendawazimu, tusielewane vibaya. Alijua mkewe yuko wapi. Alishika koleo mwenyewe kaburini. Ila aliona kwamba mwili ndio uliokwenda, na jina lilikuwa bado na nafasi yake kwenye ukurasa, na nafasi hiyo hawezi kumwachia mtu wa kilimo. Shairi la kwanza lilimchukua siku kumi na moja. Alihesabu mizani kwa vidole, akakosa, akaanza upya. La pili siku sita. Kufikia la kumi alikuwa anaandika kabla chai haijapoa. Na mhariri angejuaje? Bahasha ile ile, mwandiko ule ule.

Kulikuwa na tofauti, lakini wasomaji waliipenda. Fundi alikuwa chumvi na pilipili. Karani akaweka sukari. Kile alichokosa kumwambia mkewe kwa miaka yote ya Karani-na-Fundi sasa kilimwagika, tena kwa kinywa cha mkewe:

Ukiona nimelala, usidhani nimekwisha,
Nipo kwenye kila sala, kila wimbo wa maisha,
Penzi halina mahala pa kuzikwa na kuisha,
Mauti kaa foleni, nina sare za watoto.

Hilo lilisomwa redioni. Barua zilikuja kwa mafungu. Nyundo peke yake ndiye aliyenyamaza. Miezi na miezi hakujibu hata mstari. Karani alidhani ni wivu.

Binti alipiga simu. "Baba, haya mashairi yanatoka wapi?"

"Mama yako aliacha akiba," Karani alijibu. "Natoa moja moja."

Binti alilia kwa furaha. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilikuwa na kona nyingi, ikamfikisha Karani miezi kumi na tisa.

Kona ya mwisho ilikuwa barua ya mhariri. Gazeti linataka kutoa kitabu cha Sindano Butu, mashairi thelathini, na picha yake kwenye jalada. Afike ofisini, tafadhali, wapenzi wake wamechoka kungoja kumwona. Karani alimsomea binti barua kwenye simu, na binti akasema jambo la busara: "Tuwaambie ukweli, Baba. Tuseme Mama ametutoka, na haya ndiyo aliyotuachia. Hiki kitabu ndicho kitakuwa ukumbusho wake. Nakuja Ijumaa tuchague."

Alikuja na begi dogo. "Baba, umekonda."

"Nimekonda lini? Ndivyo nilivyo."

Binti aliweka boksi juu ya meza ya kukatia, ile ya mama yake, akafunga kitambaa kichwani kama mtu anayetaka kufagia, akaanza kusoma. Karani alikaa kwenye stuli karibu na cherehani, mikono katikati ya magoti.

"Hili lazima," binti alisema. Akaweka kulia. "Na hili. Loo, hili! 'Ukiona nimelala.' Unajua namsomea mwanangu kila asubuhi nikimvalisha? Analijua kwa moyo. Hamkumbuki bibi yake hata kidogo, alikuwa mdogo mno, lakini ukimwuliza bibi ni nani atakwambia beti zima."

"Eeh," Karani akasema.

"Hili la kiuno cha nyuki tuliache. Mama hapa alikuwa amekasirika tu, watu watamwonaje?" Akaweka kushoto. "Na hili la Mauti kunuka mdomo... sijui. Siyo yeye."

"Siyo yeye?"

"Mama alikuwa mpole, Baba. Wewe si unajua? Alikuwa na maneno laini."

Mpole! Mwanamke aliyemtoa mwalimu mkuu mbio mpaka barabarani, mkasi mkononi, kwa sababu ya kola! Karani alimtazama binti yake, mtu mwenye akili timamu, aliyenyonya kwa yule yule mama na kuchapwa na yule yule mama kwa futi, akaona kwamba miezi kumi na tisa ya sukari ilikuwa imemwingia hata yeye. Ilipofika saa sita mchana mashairi thelathini yalikuwa yametimia. Karani aliyapitia kwa macho, moja moja. Ya kwake yalikuwa ishirini na sita.

"Tuongeze mengine," alisema. "Yale ya kushoto."

"Baba, wametaka thelathini."

Binti alipokwenda kujinyoosha, maana alisafiri usiku kucha, Karani alifunga mlango wa chumba cha mbele akamwaga boksi lote mezani. Aliazimia jambo moja: atenge ya mkewe, yote, hata yale ya matusi, amwambie binti, haya ndiyo Mama, hayo mengine yatupe. Atajieleza baadaye. Aibu ni yake, ataibeba. Ilimradi Fundi abaki Fundi.

Ya kiuno, ya mdomo kunuka, ya Nyundo kupondeka: hayo aliyajua. Lakini kuna moja la kifungo kilichopotea. Nani alilitunga? Alilisoma akaona ni la mkewe. Akarudia, akaona ni lake. Akashika lingine, la mvua kwenye bati, likamfanyia vile vile. Akafumba macho akaitafuta sauti ya mkewe kichwani ili imsomee, maana aliamini hiyo haiwezi kumdanganya. Sauti ilikuja. Ikasoma la kifungo vizuri kabisa. Kisha ikasoma "Ukiona nimelala," shairi ambalo Karani alijua kwa hakika alilitunga mwenyewe akiwa anakula mkate, na ikalisoma vizuri vile vile, kama la kwake.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia pole.

Kesho yake asubuhi alipakia karatasi za boksi kwenye mfuko, zile thelathini akaziacha, akamwambia binti anakwenda kuona rafiki. Alikuwa anamtafuta Nyundo. Mara nyingi Nyundo alijitapa gazetini kwamba yeye ni fundi wa baiskeli na banda lake liko nyuma ya zimamoto, kwa hiyo halikuwa jambo gumu. Alimkuta mzee mwembamba, mguu mmoja mfupi kidogo, anaziba pancha, tairi ya ndani ameizamisha kwenye beseni la maji anatazama mapovu.

"Ya nyuma au ya mbele?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sina baiskeli," Karani alisema. "Mimi ni mume wa Sindano Butu."

Yule mzee alitoa mikono kwenye maji. Akaifuta kwa tambara, kidole baada ya kidole. Akamsogezea mgeni kreti la soda akalie.

"Alifariki lini?" akauliza.

Karani aliketi juu ya kreti. Miezi yote ile hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza swali hilo, na sasa lilipoulizwa lilimpiga kama habari mpya.

"Usijali," Nyundo akasema. "Nilijua. Mtu umegombana naye miaka kumi na moja humjui? Nilijua zaidi yako, pengine. Siku niliyosoma 'penzi halina mahala' nikamwambia mke wangu, huyu mama amekufa. Sindano aseme penzi? Angeng'oka jino kwanza. Ndiyo maana nikaacha kujibu. Ningemjibu nani?"

"Nisaidie," Karani akasema, akamwaga karatasi juu ya benchi la chuma. "Siwezi tena kuyatenganisha."

Nyundo alivaa miwani iliyofungwa kwa waya. Hakusoma polepole, alipitisha macho kama mtu anayechagua nyanya. La mama huku, lako huku. La kifungo? La mama, hakuna ubishi, tazama anavyomchokoza mwenye shati. La mvua? Lako. "Lakini si baya," aliongeza. "Unajua kutunga, bwana. Bahati mbaya yako." Rundo la Fundi likawa linapanda, na kwa mara ya kwanza tangu jana Karani alivuta pumzi mpaka chini. Alikuwa hajampoteza. Mtu mmoja duniani bado alikuwa anamsikia, na mtu huyo alikuwa hapa, na grisi kuchani.

Kisha Nyundo akashika karatasi moja akaisoma mara mbili.

Sijachoka, sijachoka, mwili wangu ni wa chuma,
Kitandani nitatoka, nirudi kwenye kufuma.

"Hili lako."

"Hapana," Karani akasema haraka. "Hilo ni la mwisho wake. Lilitoka Jumamosi kabla hajafariki. Alikuwa hai."

"Alikuwa hai, sikatai. Hili si lake. Mama wa cherehani anafuma nini? Na lini Sindano amewahi kusema hajachoka? Miaka kumi na moja namsikia mgongo, macho, magoti, wateja. Huko kuchoka ndiko kulikokuwa shairi lake." Aliishusha miwani. "Mzee mwenzangu, la kwake la mwisho liko wapi?"

Karani alitazama beseni. Mapovu yalikuwa bado yanatoka kwenye tairi, madogo madogo, mahali pamoja.

"Liko nyumbani," alisema. "Nitalitafuta."

Nyundo hakubisha. Aliyafunga marundo mawili kwa vipande vya mpira wa tairi, akamsindikiza mpaka kona. "Ukilipata niletee," alisema. "Nina deni la kumjibu."

Karani alirudi kwa miguu. Binti alikuwa amesafisha meza, amepanga mashairi yale thelathini kwenye bahasha kubwa ya kaki, na ameandika juu yake jina la mhariri. Karani hakuketi. Aliweka marundo mawili mbele yake akasema yote akiwa wima, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wa kazi. Haya ya Mama. Haya yangu. Hakukuwa na akiba.

Binti hakuelewa. Kisha akaelewa. Akafungua bahasha.

"Hili?"

"Langu."

"Hili?"

"Langu."

"'Ukiona nimelala'?"

"Langu, mama."

Binti aliketi kwenye stuli. "Mwanangu analijua kwa moyo," alisema. "Nimemwambia ni bibi yake anayemsemesha."

"Najua."

"Nimemzika mama yangu, Baba, nikasema angalau haya ninayo. Nikiamka usiku nasoma haya." "Na la mwisho? La kitandani? Usiniambie na hilo."

"Na hilo."

"Mama alikuwa anazungumza wakati ule! Nilimpigia simu tukazungumza!"

"Alikuwa anazungumza."

Basi ikabidi aseme. Maiti haulizwi sanda, lakini Fundi siku ile hakuwa maiti, na hakuulizwa. Ilikuwa Jumatano, wiki moja kabla hajafariki, saa nne asubuhi. Maumivu yalikuwa yamepungua kidogo. Mguu chini ya shuka haukuchezacheza. Alimwita tu, Karani, naye akaja na kalamu na ubao wa kuandikia, akaketi kitandani, akamshika mkono. Na Fundi akaanza, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayakuwa ya foleni wala ya kumtukana mtu. Karani alisikia yanakoelekea. Alisikia kwamba mkewe amechoka na anaaga, na akakataa. Miaka yote alikuwa ameandika alichoambiwa, na siku ile kalamu yake ikaandika kitu kingine. Aliposikia kimya, alimsomea Fundi beti aliloandika yeye, Sijachoka sijachoka, kwa sauti ya ushujaa.

"Akasema nini?"

"Alinitazama tu. Akasema, haya. Akageukia ukutani."

"Na yale yake? Yale aliyoyasema, Baba. Yaseme sasa. Nitayaandika mimi."

"Nakumbuka mwanzo. 'Karani, weka kalamu.'"

"Halafu?"

Karani alikunja vidole, kimoja kimoja. Mizani nane, alishazihesabu mara elfu. Hata leo hajui kama ulikuwa mwanzo wa shairi, au ni mke tu anamwambia mumewe aache kuandika amtazame.

"Halafu, Baba?"

"Sikusikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Nimemshika mkono."

"Umemshika mkono na hukusikia?"

"Alisema kwa muda mrefu," Karani akasema. "Dakika kumi, labda zaidi. Nilikuwa nahesabu mizani za la kwangu. Nilikuwa natafuta kina cha chuma."

Nje mtu alipita anapiga kengele ya baiskeli, akaenda zake. Binti hakulia. Kisha akavuta marundo yote mawili, akavua ile mipira, akayachanganya na yale ya kwenye bahasha, akayagonga mezani ili kingo zikae sawa, akaanza kuyarudisha kwenye boksi bila kuangalia lipi ni lipi. Karani alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaushusha.